Mgori: Usiseme mti umekufa, una wapangaji!

MSOMAJI mpenzi, leo tunatoka mjini. Weka kando habari za nani kamwacha nani na nani kafumaniwa wapi, beba koti lako, tunakwenda Singida. Na tukifika Singida hatukai mjini kula kuku wa kienyeji, ingawa kuku wenyewe, we acha tu! Tunapitiliza mpaka Mgori, msituni, kumtafuta fundi mmoja ambaye hana msumeno, hana patasi, hana hata penseli sikioni, lakini anatoboa mti mgumu kuliko fundi seremala yeyote wa Keko.

Fundi huyo ni kigogota. Tena si kigogota yeyote. Ni yule mkubwa wao, mwenye mistari myeusi shavuni kama mzee aliyesahau kunyoa masharubu. Wataalamu wanamwita Chloropicus namaquus, na Waingereza wamempa jina la ndevu kwa sababu ya hiyo mistari. Sisi hapa tutamwita kigogota mkubwa, inatosha.

Utauliza, ndege mmoja anatupeleka Singida yote hiyo? Subiri. Ndege huyu ana kesi, na kesi yenyewe inahusu kuni, asali na ule msitu ambao miaka ya 1990 ulifanya wakubwa wa misitu wakune vichwa.

Njia ya kwenda

Kutoka Dar es Salaam mpaka Singida mjini ni kilomita 700 hivi: unapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, halafu unaanza kuona mawe. Mawe ya Singida si ya kuokota. Ni makubwa kama nyumba, yamebebana migongoni kama watoto wanaocheza, na hakuna anayekueleza nani aliyapanga. Mji uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jioni kibaridi kinakuingia mpaka kwenye mifupa. Nilikwambia ubebe koti. Pembeni mwa mji kuna maziwa mawili ya maji ya magadi, Singidani na Kindai, na ukibahatika utakuta heroe wamejipanga majini kama mabinti wa shule kwenye gwaride.

Mgori iko mashariki ya mji, katika wilaya ambayo wengi bado wanaiita Singida Vijijini. Njiani ni mashamba ya alizeti, mtama na uwele, ng'ombe wengi, na vumbi la kutosha kubadilisha rangi ya shati lako. Wenyeji wengi ni Wanyaturu, na ukisogea utakutana pia na Wasandawe na Wabarbaig na mifugo yao. Siku ikiwa nyeupe, kaskazini unauona Mlima Hanang, mita 3,420, umesimama peke yake kama mzee wa kaya.

Halafu msitu unaanza. Usitegemee msitu wa giza kama ule wa milima ya Usambara. Huu ni wa miombo mikavu, miti imeachiana nafasi, jua linafika chini, majani makavu yanalia chini ya viatu. Sehemu nyingine ni vichaka ambavyo hata mbwa anafikiri mara mbili kabla ya kuingia. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka uchoke. Lakini ukifika Septemba au Oktoba utaona ajabu: kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miombo inatoa majani mapya mekundu, kama msitu mzima umejipaka hina.

Ukubwa wa msitu huu ni hekta 44,000 hivi. Kwa lugha ya wapenzi wa soka, hivyo ni zaidi ya viwanja 60,000 vya mpira. Si bustani hiyo!

Fundi mwenyewe

Sasa tumtazame mtu wetu. Urefu wake ni sentimita 24 au 25, sawa na tetere, na uzito hauzidi gramu 90. Mgongo ni wa kahawia yenye ukijani, una vimistari vyeupe. Tumbo ni la kijivu lenye vimistari vidogo vidogo. Uso ni mweupe, una mstari mweusi nyuma ya jicho na mwingine shavuni, ndizo hizo ndevu. Dume ana kiraka chekundu kisogoni. Jike hana, kisogo chake ni cheusi. Paji la uso, wote wawili, ni jeusi lenye vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa unga.

Katika nchi yetu ana ndugu wengi. Yupo kigogota mdogo wa sentimita 15 hivi, ambaye utamwona hata kwenye mti wa uani, anagonga vijiti vyembamba. Yupo yule mwingine wa miombo, Wazungu wanamwita wa Bennett, anayeshinda chini ardhini akila siafu na sisimizi kama vile hajui kuwa kabila lake ni la kugonga miti. Huyu wetu ndiye anayezidi wengine kwa mwili na kwa kelele, na yeye ndiye anayependa mbao nene zilizokauka.

Mwili wake umetengenezwa kwa kazi. Vidole viwili vinatazama mbele, viwili nyuma, hivyo anaushika mti kama koleo. Mkia wake ni mgumu, anauegemea kama mtu anayeegemea mguu wa tatu wa kiti. Ulimi ni mrefu kuliko mdomo, na mizizi yake inazunguka nyuma ya fuvu la kichwa. Anautumbukiza kwenye tundu na kumvuta buu aliyejificha ndani ya mbao. Mabuu ya wadudu watoboao miti ndicho chakula chake kikubwa, pamoja na sisimizi, viwavi na buibui, na amewahi kuonekana akila hata mijusi midogo.

Je, kichwa hakimuumi? Zamani tuliambiwa fuvu lake lina kitu kama sponji cha kuzuia mshindo. Mwaka 2022 wanasayansi wakiongozwa na Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipiga picha za vigogota kwa kamera za kasi wakakuta sivyo kabisa. Kichwa kinagonga kama nyundo, bila sponji. Kingekuwa na sponji, nguvu ya kugonga ingepotea bure. Kinachomwokoa ni kwamba ubongo wake ni mdogo, na mshindo ule haufiki kiwango cha kuuumiza. Wewe na mimi tusijaribu.

Hodi hodi msituni

Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona. Sauti yake ya mdomo ni kali na ya haraka, wik-wik-wik-wik, kama mtu anayecheka jambo ambalo hajakuambia. Lakini anayejulikana zaidi ni mpigo wake wa ngoma. Anatafuta tawi kavu lenye mlio mzuri, anaanza kwa kasi, trrrrrrr, halafu kasi inapungua, mapigo ya mwisho yanatoka moja moja: ta, ta, ta. Ni kama mgeni aliyekuja na haraka zake, akafika mlangoni akakumbuka adabu, akaanza kupiga hodi taratibu. Huo mwisho wa polepole ndio alama yake.

Ngoma hiyo wanapiga wote, dume na jike. Wanaambiana mimi niko hapa, na wanamwambia jirani hapa pana mwenyewe. Na jirani yuko mbali. Ndege huyu hakai kwa kundi. Wanaishi wawili wawili, mtu na mkewe, na wanahitaji eneo kubwa. Ndiyo maana unaweza kutembea asubuhi nzima ukasikia jozi moja tu, au usisikie kabisa.

Hapo linakuja swali la hali yake katika ukanda wetu. Kwa ramani, huyu ni tajiri. Anapatikana kuanzia Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan Kusini na Ethiopia, akapita Kenya na Tanzania, akashuka mpaka Namibia, Botswana na kaskazini mwa Afrika Kusini. Ukienda Nakuru kule Kenya, kwenye migunga ya kando ya ziwa, yupo. Tarangire yupo, Ruaha yupo. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, halijamweka kwenye orodha ya wanaokaribia kutoweka.

Sasa, utasema, kama yupo kote huko, kesi iko wapi? Kesi ni kwamba kupatikana mahali pengi si sawa na kuwa wengi. Ni kama kabila lenye nyumba moja kila wilaya: ukiangalia ramani utadhani wamejaa, ukienda kugonga mlango unakuta familia moja. Ndege wa namna hii hatoweki kwa kishindo. Anatoweka kijiji kimoja kimoja, na hakuna anayetangaza redioni.

Na katika kila sehemu aliyopo, ukiuliza anaishi wapi, jibu ni moja: penye miti mikubwa, na katikati yake mikavu iliyosimama. Hapendi msitu mnene wa giza. Hapendi mbuga tupu. Anapenda miti yenye umri, ile ambayo mingine imezeeka, imekauka kwa ukame, moto, radi au tembo aliyebandua magome, lakini haijaanguka.

Mwenye nyumba asiyedai kodi

Mti mkavu kwa kigogota ni vitu vitatu kwa pamoja. Ni hoteli, maana mabuu yamejaa ndani. Ni ngoma, maana mti mbichi haulii vizuri. Na ni nyumba. Yeye na mwenzake wanachimba tundu kwenye shina au tawi nene lililokufa, jike anataga mayai 2 mpaka 4, wanaatamia kwa zamu.

Halafu sikia sehemu inayonifurahisha. Vigogota wana tabia ya kuchimba nyumba mpya na kuiacha ile ya zamani. Haiuzwi, haina dalali, haina kilemba wala kodi ya miezi sita mbele. Anayeiwahi anaingia. Wenzangu mnaopanga Buguruni na Manzese mmesikia hiyo?

Wapangaji ni wengi. Msituni kuna ndege chungu nzima wanaotaka kulala kwenye tundu lakini hawana mdomo wa kuchimba: kwenzi, bundi wadogo, hondohondo wadogo, kasuku wadogo. Kati ya hao wamo wawili ambao asili yao ni Tanzania peke yake, tena wanapatikana huku kwetu kati: kwenzi wa rangi ya kijivu, na kasuku mdogo wa kijani mwenye kola ya njano shingoni na kichwa cheusi. Wote wawili hutaga kwenye matundu. Si lazima tundu liwe la kigogota, hata mti uliooza wenyewe unafaa, lakini fundi akiwapo nyumba zinakuwa nyingi zaidi. Wapo na kindi, wapo popo, wapo mijusi.

Na wapo nyuki. Singida ni mkoa wa asali, hilo hata mtoto anajua. Nyuki wakubwa na wale wadogo wasiouma hupenda uwazi ndani ya mti. Na mlembe, yule ndege anayewaita watu na kuwaongoza kwenye asali, ni wa ukoo mmoja na kigogota. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wanamfuata mlembe mpaka leo, wanapigiana miluzi kama watu wa mtaa mmoja. Lakini ukoo nao una mambo yake: ipo aina ya mlembe ambayo jike lake linavizia nyumba ya kigogota, linataga yai humo na kuondoka zake, mwenye nyumba abaki kulea mtoto wa mwenzake. Mambo ya mjini yapo hata porini!

Kwa hiyo ukiona mti mkavu umesimama Mgori, una matundu mawili matatu, usiseme umekufa. Ile ni nyumba ya ghorofa.

Msitu uliokabidhiwa kwa wenyewe

Mgori ina jina kubwa kuliko watu wa mjini wanavyofikiri, na jina hilo lilitokana na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu huu ulikuwa unaliwa kila upande: mashamba, mbao, mkaa, wawindaji. Serikali ilikuwa na mpango wa kuufanya hifadhi ya serikali, na mipaka ilishaanza kushughulikiwa. Kwa utaratibu wa zamani, maana yake ni kwamba mwanakijiji anatolewa nje, halafu walinzi wachache wa wilaya wanapewa kazi ya kulinda eneo ambalo hata kulizunguka ni safari.

Mwaka 1995 mambo yakageuzwa. Badala ya kuwafukuza wanavijiji, msitu ukagawanywa kwa vijiji vitano vinavyoupakana: Ngimu, Pohama, Unyampanda, Nduamghanga na Mughunga. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikaunda kamati, kikatunga sheria ndogo, vijana wakawa walinzi. Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa muda mfupi kabla kule Duru-Haitemba, Babati, kwenye hekta 9,000 hivi. Mgori ikawa jaribio kubwa zaidi. Wilaya ilisaidiwa na mpango wa ardhi uliopata fedha za Sweden kupitia shirika lao la Sida, na mtaalamu Liz Wily ndiye aliyeandika sana kuhusu kazi hiyo.

Watu wengi walicheka. Eti mbuzi apewe shamba la mahindi alinde! Lakini yaliyotokea Duru-Haitemba na Mgori yalisaidia kubadili fikra za nchi nzima. Sera ya Misitu ya 1998 ikakubali msitu wa kijiji, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaweka jambo hilo kwenye maandishi ya Bunge. Kwa hiyo kijiji chochote Tanzania kinachomiliki msitu wake kisheria leo, kinapaswa kumpa Mnyaturu wa Mgori mkono wa heri.

Sisemi kila kitu kilikuwa asali tangu siku ile. Habari za wavamizi wa mashamba na wakata miti zimerudi mara kwa mara. Msitu wenye udongo wa kulima na miti ya kuuza haukosi wachumba. Lakini somo lilibaki: anayeishi jirani na msitu ndiye anayejua nani kaingia jana usiku na shoka.

"Kuni kavu ruhusa"

Sasa tunafika kwenye kesi yenyewe. Ukisoma sheria ndogo za misitu ya vijiji, sehemu nyingi utakuta makubaliano ya namna hii: mti mbichi usiguswe bila kibali, mkaa marufuku, kulima marufuku, moto marufuku. Lakini uyoga, dawa za mizizi, matunda na kuni kavu za nyumbani, ruhusa bure.

Ni sheria ya huruma na ya akili. Mama wa Mgori ana jungu la ugali wa uwele na mlenda, ana watoto, hana gesi. Huwezi kumwambia asipike kwa sababu kuna ndege mwenye masharubu anataka kupiga ngoma. Mimi mwenyewe ningemuunga mkono mama.

Tatizo liko kwenye neno moja: "kavu". Tawi lililoanguka chini ni kavu. Na ule mti mkubwa uliosimama, wenye matundu, nao ni mkavu. Kwa sheria, wote ni kuni. Kwa kigogota, mmoja ni takataka na mwingine ni nyumba, hoteli na ngoma. Basi kijiji kinaweza kulinda msitu wake kwa uaminifu kabisa, asikatwe mwombo mmoja mbichi, na bado kigogota akahama, kwa sababu miti yote mikavu ya karibu imekwenda jikoni. Ukitazama kwa mbali msitu ni wa kijani, unapendeza, unapigiwa makofi. Ndani yake ngoma imenyamaza.

Na moto nao. Moto wa Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, unapita chini kidogo kidogo. Moto wa Septemba au Oktoba ni mwingine: unaushika mti mkavu uliosimama na kuumaliza mpaka mizizi. Usiku mmoja wa moto wa mwisho wa kiangazi unaweza kuchoma nyumba ambazo zilichukua miaka mingi kupatikana, maana mwombo haukui haraka. Mti wa unene wa kutosha kwa tundu la kigogota ni mzee wa makamo.

Cherehani na makosa ya Wazungu

Usidhani haya ni matatizo yetu peke yetu. Unaikumbuka cherehani ya Singer, ile ya bibi? Kampuni ya Singer ilimiliki msitu mkubwa kule Louisiana, Marekani. Ndani yake aliishi kigogota mkubwa sana, karibu sentimita 50, mara mbili ya huyu wetu, mwenye mdomo mweupe kama pembe ya ndovu. Kati ya 1937 na 1939 mtafiti James Tanner alimfuata mpaka akajua siri yake: aliishi kwa mabuu ya kwenye miti mikubwa iliyokufa karibuni, na kwa hiyo alihitaji msitu mkubwa wenye wazee wengi. Haki ya kukata miti ikawa imeuzwa kwa kampuni ya mbao. Watu walilia, walioomba ni pamoja na magavana, haikusaidia. Mwezi Aprili 1944 mchoraji Don Eckelberry alikwenda akamchora jike mmoja aliyebaki. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ambayo kila mtaalamu anaikubali. Tangu hapo ni tetesi. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza atangazwe kuwa ametoweka; mwaka 2023 ilipotangaza viumbe wengine 21, yeye ikamwacha kwanza. Mpaka leo kuna watu wanamtafuta.

Na Sweden, wale wale waliosaidia fedha za Mgori? Kwao walisafisha misitu mpaka ikawa kama sebule: mti mkavu ukionekana, unatolewa. Kigogota wao mmoja mwenye mgongo mweupe akapungua mpaka karibu kwisha, na leo wanafuga makinda na kuyaachia porini ili kumrudisha. Katika misitu mingi sasa wanaacha visiki virefu vya makusudi, mita kadhaa, vikauke vimesimama. Yaani wanalipia kile ambacho Mgori ilikuwa nacho bure.

Waswahili tunasema akiba haiozi. Hii ya mti mkavu inaoza, tena lazima ioze, na bado ni akiba!

Kitu gani kifanyike

Haihitaji mfadhili wala semina ya posho. Neno moja kwenye sheria ndogo linatosha: kuni zichukuliwe zilizoanguka na matawi membamba, mti mkavu uliosimama, mnene kuliko paja la mtu mzima, au wenye tundu la aina yoyote, uachwe. Mlinzi anaweza kulisimamia hilo bila darubini. Mama hapati hasara kubwa, maana gogo nene linamtesa kulipasua, vijiti ndivyo vinavyowasha jiko. Moto wa kusafisha ukiwashwa, uwashwe mapema na kwa ruhusa. Na warina asali wasiangushe mti mzima kwa ajili ya kopo moja. Asali ya mwaka ujao itakaa wapi?

Faida iko wazi. Panapobaki miti ya namna hiyo panabaki ndege wanaokula wadudu, panabaki makundi ya nyuki, na panabaki kitu cha kumwonyesha mgeni. Na kigogota mkubwa ni mkaguzi mzuri asiyedai posho: ukisikia ngoma yake, jua msitu bado una wazee wake. Usipoisikia asubuhi kadhaa mfululizo, kamati ikae kikao.

Ukitaka kwenda

Nenda wakati wa kiangazi, Julai mpaka Oktoba, majani yamepungua na barabara hazina matope. Usiingie msituni kama unaingia sokoni: pita kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, na barua ya utambulisho haidhuru. Omba kijana wa kukuongoza, mlipe vizuri. Msitu huu unajulikana kwa tembo, na tembo hasomi kitambulisho. Beba maji, kofia na viatu vya kufunga. Hoteli ya nyota tano usiulize.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Simama, zima redio, nyamaza kama dakika kumi. Ukisikia trrrrrrr, halafu ta, ta, ta, usikimbie. Tafuta kwa macho mti mkavu mrefu kuliko wengine, tazama juu upande wa kivuli. Akikuona atazunguka nyuma ya shina, kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka. Tulia tu, atachungulia mwenyewe.

Haya, wiki ijayo tutakuwa upande mwingine wa nchi, Mungu akipenda. Kwa leo, anayeishi Mgori na ana shoka mkononi, kabla hajaupiga ule mkavu uliosimama kwenye kona ya shamba, aangalie juu kwanza. Akiona tundu, apige hodi. Akiitikiwa, aende kwenye matawi ya chini.